Kuvunjika kwa Koleo: Sifa za Mpigo wa Kuanzisha

Katika tenisi kuna mpigo mmoja tu ambao mchezaji anaupiga bila kuingiliwa na mtu. Mipigo mingine yote ni majibu: mpinzani ameshaamua mpira uje upande gani, kwa kasi gani na kwa kimo gani, nawe kazi yako ni kuuwahi. Mpira wa kuanzisha uko mkononi mwa mwenyewe. Anaudundisha chini, anavuta pumzi, anaurusha juu kwa mkono mmoja huku magoti yakikunjwa na mkono wa raketi ukirudi nyuma, kisha mwili wote unafunguka kuanzia miguuni hadi begani, na raketi inaukuta mpira ukiwa juu kabisa. Hapo mpira uvuke wavu wenye kimo cha sentimita 91.4 katikati, uangukie ndani ya kisanduku cha upande wa mshazari chenye kina cha mita 6.40. Ukitoka nje, kanuni zinampa nafasi ya pili. Nayo akiikosa, pointi ni ya mpinzani. Hilo ndilo kosa maradufu.

Kwa kuwa hakuna anayeingilia, hakuna mwingine wa kulaumiwa. Upepo na jua vina sehemu yao, lakini kila mtu uwanjani anajua kosa maradufu ni la nani. Ndiyo maana nikitaka kusifu ufundi katika michezo naanza na mpigo huu, na katika wote wanaoupiga leo namtaja kwanza Aryna Sabalenka wa Belarus. Wapo waliozaliwa na mpigo mzuri na hawakuwahi kuupoteza. Yeye aliupoteza mbele ya macho ya dunia nzima, akiwa miongoni mwa wachezaji bora kabisa, kisha akaujenga upya.

Sabalenka alizaliwa Minsk mwaka 1998. Ana kimo cha mita 1.82 na tangu alipoanza kujulikana alisifika kwa nguvu. Mwaka 2021 alifika nusu fainali Wimbledon, akafika tena nusu fainali US Open, na alipoingia mwaka 2022 alikuwa wa pili kwa ubora duniani. Silaha yake ilikuwa mpigo wa kuanzisha, wenye uwezo wa kuzidi kilomita 190 kwa saa.

Januari 2022, huko Adelaide, Australia, silaha hiyo ikamgeuka. Mbele ya Kaja Juvan alifanya makosa maradufu 18. Wiki moja baadaye, mbele ya Rebecca Peterson, yakawa 21. Alifikia hatua ya kuanzisha mpira kwa kuupiga kutoka chini, jambo ambalo mchezaji wa kiwango chake hulifanya kwa nadra, na alilia uwanjani watu wakimtazama. Kutoka hapo akaenda Melbourne kwenye Australian Open. Katika mechi ya raundi ya pili pekee alifanya makosa maradufu 19. Hata hivyo alishinda mechi zake tatu za kwanza, na katika zote tatu alikuwa amepoteza seti ya kwanza. Raundi ya nne Kaia Kanepi wa Estonia akamtoa. Mwaka ulipokwisha, makosa maradufu yake yalikuwa yamepita 400.

Waliomtazama walisema tatizo liko kichwani. Ni rahisi kuwaelewa. Mtu ambaye jana aliweza na leo hawezi, ilhali mkono ni uleule na raketi ni ileile, utasema nini zaidi? Na sababu za kuelemewa zilikuwepo. Baba yake, Sergey, aliyekuwa mchezaji wa hoki ya barafu na ndiye aliyemtia katika tenisi, alifariki ghafla mwaka 2019 akiwa na umri wa miaka 43. Baba na binti walikuwa na ndoto ya mataji ya Grand Slam, yale mashindano makubwa kabisa ya tenisi, kabla binti hajatimiza miaka 25. Sabalenka mwenyewe amesimulia jinsi alivyojibebesha ndoto hiyo kwa uzito uliopita kiasi baada ya msiba. Kila Grand Slam iliyopita bila taji ilikuwa deni lililoongezeka.

Ila hofu ina njia yake ya kuingia mkononi, na anayeijua njia hiyo ataelewa kwa nini mawaidha peke yake hayakutosha. Mpira wa pili wa kuanzisha haupigwi kwa nguvu ya moja kwa moja. Unazungushwa. Raketi inaufuta mpira kuelekea juu kwa haraka, mpira unazunguka hewani, na mzunguko huo ndio unaoushusha ndani ya kisanduku baada ya kuvuka wavu. Mzunguko unatokana na wepesi wa mkono. Mwenye hofu hufanya kinyume: anatamani usalama, kwa hiyo anapunguza mwendo wa mkono. Mkono ukizubaa mpira hauzunguki, na mpira usiozunguka hauna cha kuushusha. Unapitiliza nje au unanasa wavuni. Mrusho nao unaharibika. Vidole vinavyobana mpira vinauachia kwa kuchelewa, unaenda nyuma ya kichwa au pembeni, na mwili unaanza kuukimbiza badala ya kuusubiri. Kila kosa linazaa hofu, na kila hofu inazaa kosa jingine. Ukimwambia mtu aliye ndani ya mduara huo kwamba ajiamini tu, hujampa kitu cha kufanya.

Katika miezi hiyo kocha wake, Anton Dubrov, alimwambia kwamba amefika mwisho wa uwezo wake na pengine anahitaji mtu mwingine. Sabalenka alikataa. Alimjibu kwamba tatizo halikutoka kwa kocha, na kwamba wangelipita pamoja. Nalihesabu jibu hilo kuwa hatua yake ya kwanza ya kupona. Aliyezama katika aibu hutafuta haraka wa kumtwika mzigo, na kocha ndiye wa kwanza kuonekana.

Katikati ya mwaka 2022 wakamleta Gavin MacMillan, mtaalamu wa kuchambua mwendo wa mwili. Huyu hakuanza na moyo. Alianza na viungo: mpira unarushwa wapi, kiwiko kiko kimo gani, bega linazunguka lini, nguvu inatoka wapi na inakatikia wapi. Mpigo ambao Sabalenka alikuwa ameupiga tangu utotoni ukafunguliwa vipande vipande, ukakaguliwa, ukaunganishwa upya. Na hayo yalifanyika msimu ukiendelea, mashindano yakimsubiri, watazamaji wakihesabu makosa yake.

Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Sifa yangu yote kwa Sabalenka imo katika methali hiyo. Ni vigumu kuliko inavyodhaniwa kwa bingwa kurudi darasani. Anayeanza hana cha kupoteza; akikosea, ndiyo kujifunza. Mchezaji wa daraja la juu duniani anayekubali kuambiwa kwamba harushi mpira sawasawa anapaswa kwanza kuliweka chini jina lake, asimame mbele ya mwalimu kama mtoto, na avumilie kuwa mbaya zaidi kwa muda ili awe bora baadaye. Mpigo mpya ukiwa bado haujazoeleka, mwili unaukataa. Misuli inataka njia ya zamani hata kama njia hiyo imevunjika. Hakuna dawa ya hilo ila kurudia, na kurudia tena, hadi mwili ukubali.

Matunda hayakukawia. Septemba mwaka huohuo alifika nusu fainali ya US Open. Mwezi Novemba, katika mashindano ya kufunga msimu yaliyofanyika Fort Worth, Texas, alimtoa Iga Świątek aliyekuwa namba moja duniani, na akafika fainali. Baadaye alieleza kwamba kabla ya msimu wa 2023 aliacha kufanya kazi na mwanasaikolojia wake, kwa sababu alijiona akisubiri kila mara mtu mwingine amtatulie shida zake, naye alitaka kulibeba jukumu hilo mwenyewe. Maneno hayo si dharau kwa wanasaikolojia. Wapo wanamichezo walio na ugonjwa unaohitaji tiba na mapumziko, na Naomi Osaka alipojitoa Roland Garros mwaka 2021 na kusema wazi kwamba amekuwa akipambana na sonona, alifungua mlango ambao wengi walihitaji ufunguliwe. Hali ya Sabalenka ilikuwa nyingine. Wasiwasi wake ulikuwa na makao ndani ya kazi yake, na huko ndiko alikoufuata. Alisema pia kwamba ameanza kujiheshimu, kwa kutambua kuwa amefika alipo kwa jasho lake na kwamba ni mchezaji mzuri kweli.

Fainali ya Australian Open ilichezwa tarehe 28 Januari 2023, Sabalenka dhidi ya Elena Rybakina. Pointi ya kwanza kabisa ya mechi hiyo ilikuwa kosa maradufu la Sabalenka. Mwaka mmoja nyuma pointi kama hiyo ingeweza kumvunja. Safari hii aliendelea kupiga. Alipoteza seti ya kwanza 4-6, akachukua ya pili 6-3, na katika ya tatu akafika 5-4, mpira ukiwa wake wa kuanzisha. Alipata nafasi ya kwanza ya kutwaa taji, akafanya kosa maradufu. Uwanja mzima ulijua historia yake; naye aliijua kuliko wote. Akarudi mstarini, akarusha mpira, akapiga kwa mkono uleule mwepesi, bila kuupunguza mwendo. Nafasi ya pili na ya tatu zikapita. Ya nne, mpigo wa Rybakina ulitoka nje, na Sabalenka akaanguka chali sakafuni akilia. Siku hiyo mipira yake 17 ya kuanzisha haikuguswa kabisa na mpinzani. Makosa maradufu yalikuwa saba.

Makosa hayo saba nayapenda kama niipendavyo ile mipira 17. Fundi aliyepona haachi kukosea. Anachopata ni mahali pa kurudi baada ya kukosea: mrusho anaoujua, goti analolijua, mwendo wa mkono ambao ameurudia mpaka hauhitaji ruhusa ya moyo. Moyo wa Sabalenka usiku ule ulitetemeka, na alikiri hivyo. Mkono ulikuwa na kazi ya kufanya, ukaifanya.

Wala safari haikuishia Melbourne. Juni mwaka huo, Roland Garros, aliongoza 5-2 katika seti ya mwisho ya nusu fainali dhidi ya Karolína Muchová, akafika pointi moja tu kutoka ushindi, akapoteza. Septemba akapoteza fainali ya US Open kwa Coco Gauff, baada ya kushinda seti ya kwanza. Mwezi huohuo akawa namba moja duniani. Januari 2024 alitetea taji la Australia bila kupoteza hata seti moja, kisha akatwaa US Open mwaka 2024 na tena mwaka 2025, mwaka ambao fainali za Australian Open na Roland Garros zilikuwa zimemponyoka zote mbili. Kila mara alianguka, na kila mara alirudi kazini.

Kwa hiyo tunapomwambia kijana aliyeshindwa kwamba ajiamini, tumpe na kazi ya kuifanya. Mwalimu anayetetemeka mbele ya darasa, dereva aliyewahi kupata ajali, mwanafunzi aliyefeli hesabu: kila mmoja anahitaji mtu wa kukaa naye, wafungue pamoja kipande kimoja cha ujuzi wake, waone kilipokatika, wakiunge, wakirudie. Kujiamini huja nyuma ya kazi kama hiyo, na huja polepole. Sabalenka alipoanza kurekebisha kiwiko na mrusho wake, hakuwa amejiamini bado. Alianza akiwa na hofu, na kuanza huko ndiko kulikomfikisha.