Lugha ya Nasaha za Afya katika Simu

Mwaka 2012 ilianzishwa Tanzania kampeni iitwayo Wazazi Nipendeni, ya kuwapelekea waja wazito, waliojifungua, na wasaidizi wao nasaha za afya bila malipo kwa njia ya simu ya mkononi. Yafaa kazi ya namna hii itazamwe pia kwa upande wa lugha, kwa kuwa nasaha isiyoeleweka haimfai mgonjwa.

Jina lenyewe limechaguliwa kwa busara. Msemaji ni mtoto, na kiishio -ni chaonyesha kuwa aambiwao ni zaidi ya mmoja: si mama peke yake, bali na baba pia. Katika nyumba ambamo mshika simu ni mume, asipojiona ameitwa, ujumbe hukoma mkononi mwake.

Ila chombo kina mipaka yake. Ujumbe mfupi mmoja hauzidi herufi 160, pamoja na nafasi na vituo. Na maneno yetu, kwa wingi wa viambishi, huwa marefu. Mwandishi hana budi kupunguza, na hapo ndipo penye hatari. Tuchukue kwa mfano maagizo ya dawa tuliyoyazoea. Husemwa “kutwa mara tatu”. Lakini kutwa, kwa asili, ni tangu macheo hata machweo. Mgonjwa amezaye vidonge vyote vitatu kabla jua halijatua ameitii lugha, lakini hakumtii daktari. Na akiandikiwa “kila saa nane”, mmoja aweza kufahamu kuwa ni kila zipitapo saa nane, na mwingine kuwa ni saa nane ya mchana na ya usiku wa manane. Maneno mawili, “baada ya”, yangaliondoa shaka. Nayo ni mepesi kufutwa nafasi ikibana.

Mbele ya muuguzi, mgonjwa huuliza akaelezwa. Maandishi hayaelezi zaidi ya yalivyo. Kiswahili chetu kwa neno moja, somo, chataja fundisho, na chataja pia mwanamke amfundaye mwari. Kwa hiyo twashauri kila ujumbe, kabla haujapelekwa, usomwe kwa sauti mbele ya wakunga na akina mama, nao waulizwe watafanya nini baada ya kuusikia. Wakitoa majibu mawili yasiyopatana, si wao wa kusahihishwa, bali ni sentensi.