Usiniambie "Kopi-Pesti" Ukaishia Hapo

Jumamosi moja, kwenye kikao chetu cha kusomeana hadithi, binti mmoja alimaliza kusoma ya kwake. Kabla hajakaa, jamaa mmoja wa nyuma akapaza sauti: "Hiyo kopi-pesti tupu!" Tukacheka. Na mimi nilicheka, nakiri. Binti akakunja karatasi zake, na mpaka leo hajarudi. Tangu siku ile neno hilo linaniwasha, maana hakuna hata mmoja wetu aliyemwonyesha ni aya ipi kaitoa wapi.

Ndugu msomaji, asili yake ni neno la kazi tu. Wahariri wa zamani walikata miswada kwa mkasi kweli kweli, wakabandika kwa gundi ili aya ya chini ipande juu. Katikati ya miaka ya 1970, Larry Tesler na Tim Mott, kwenye maabara ya Xerox huko California, walitengeneza programu ya kuandikia iitwayo Gypsy, wakauingiza ule mkasi na gundi ndani ya kompyuta. Kompyuta zilizotafsiriwa zinasema "nakili" na "bandika", lakini nani mtaani anasema hivyo? Sisi ni kopi-pesti, na tukitamka tunamaanisha wizi, au uvivu, au vyote viwili. (Sisi na maneno haya bwana! "Kopi raiti", ambayo kule ilikotoka ni haki ya mwenye kazi, kwetu ni mtoto aliyefanana na baba yake.)

Ugomvi wangu na neno hili ni kwamba linazoa kila kitu. Anayechukua ukurasa wa mwenzake akauwekea jina lake ni mwizi, na sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 ipo kwa ajili yake. Huyo simtetei. Lakini mtunga takhmisa je? Katika Takhmisa ya Liyongo, inayohusishwa na Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, mishororo miwili ya kale imetangulizwa mitatu mipya, ikawa mitano. Maneno ya mtu mwingine yamo yaleyale, wala hayakufichwa. Utamu uko pale unaposikiliza ile mitatu ikitafuta njia ya kuifikia miwili. Na Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyenakili tenzi za watu kwa mkono wake, tumwite nani? Mdesaji?

Sasa turudi kwa binti. Nakala ya hadithi yake ilibaki kwa rafiki yake, nikaiomba, nikaisoma taratibu. Sikuona sentensi ya wizi. Nilichokiona ni hiki: msichana anatoka kijijini, anashuka Ubungo na begi lake, anapokelewa na shangazi mkali. Hadithi inatokea mwaka jana, simu zimo, kila kitu kimo. Lakini mabasi ya mikoani yalihamia Mbezi tangu mwaka 2021! Kwa nini basi ashuke Ubungo? Kwa sababu kwenye hadithi zote tulizosoma wasichana wanashuka Ubungo. Hapo ndipo alipoazima, na pengine hajijui. Alichochukua ni njia waliyopita wengine. Na mimi, nikifukua daftari langu, nina wasichana wawili walioshukia palepale.

Ila ukurasa wa nne, lahaula! Shangazi anahesabu chenji za vitumbua usiku, anahesabu kwa kunong'ona ili mgeni asijue zimepungua. Mara mbili anakosea, anaanza upya. Ukali wote wa kurasa tatu za mwanzo unayeyuka pale. Huyo shangazi sijamkuta popote. Na sisi hatukumsikia, kwa sababu tulishaamua toka Ubungo kwamba hadithi tunaijua.

Karatasi nimezirudisha kwa rafiki yake. Kurasa tatu za mwanzo nimezipiga mstari kwa penseli, na juu ya ukurasa wa nne nimeandika: "Anzia hapa, dada. Jumamosi tupo."