Mkeka Kwanza, Mengine Baadaye

Chumba cha kupanga cha futi 10 kwa 10 hakisamehe makosa. Kitanda cha nne kwa sita kikishaingia, karibu robo ya sakafu imekwenda. Kabati la vyombo, ndoo za maji, jiko la gesi na begi la nguo vikishapata mahali pake, kinachobaki ni uwanja mdogo kati ya kitanda na mlango. Hapo ndipo maisha yote yanapofanyika: kula, kupiga pasi, kumkalisha mgeni, mtoto kuandika kazi za shule. Kuta si zako. Mwenye nyumba hataki misumari, rangi alishaichagua mwenyewe zamani, na kodi ya miezi sita uliyoilipa kwa mkupuo imemeza fedha uliyokuwa umeitengea makochi. Wengi wanaoanza maisha Tandale, Manzese au Ng'ambo kule Unguja hukimbilia pazia. Pazia ni zuri, silikatai. Ila mimi mtu akiniuliza aanze na nini, humwambia aanze chini, kwenye saruji, na anunue mkeka wa ukindu.

Angalia vipimo vyake kwanza. Mkeka wa futi 4 kwa 6 una ukubwa uleule wa kitanda. Ukiutandika usiku, umepata kitanda cha pili cha mdogo wako aliyeshuka na basi la jioni. Asubuhi unauviringisha kama bomba, unausimamisha nyuma ya mlango, na chumba kinarudi kuwa chumba. Mchana ukiutandika tena, ndio sebule na ndio meza ya chakula. Mtu akiswali hapo, ndio mahali pa ibada. Kochi haliwezi hayo. Kochi likiingia chumba cha futi 10 linakaa kama mkwe, huwezi kuliambia lipishe. Na siku ya kuhama, mkeka unakwenda begani mwako, wakati rangi ambayo ungeigharamia ukutani angebaki nayo mwenye nyumba.

Hayo yote, lakini, ni faida za matumizi, na mtu aliyezoea mkeka tangu utotoni hahitaji kuambiwa. Ninachotaka kukisema ni kwamba kitu hiki tunachokikanyaga kimebeba kazi kubwa ya mkono wa mtu kuliko chochote kingine kitakachokuwa ndani ya chumba hicho, televisheni ikiwemo, na wengi wetu hatujawahi kukitazama kwa makini.

Ukindu ni majani ya mkindu. Mkindu ni ndugu wa mtende, wataalamu wa mimea huuita Phoenix reclinata. Huota mabondeni, kandokando ya mito na penye ardhi yenye majimaji, mashina mengi yakitoka pamoja mahali pamoja. Vijani vyake vya chini, karibu na shina, vimegeuka miiba mirefu migumu, kwa hiyo anayekwenda kukata huingia humo kwa tahadhari. Linalotafutwa ni jani changa la katikati ambalo bado limefumba, halijafunguka kupigwa na jua. Mkataji mwenye busara huchukua jani moja kwenye chipukizi na kuliacha lipumue, kwa sababu ukilivua majani yote ya moyo, mwakani hutakuta kitu cha kukata. Jani lile likifika nyumbani huanikwa. Rangi ya kijani inakwenda ikififia siku hadi siku mpaka ukindu unakuwa mweupe wa maziwa, na jioni lazima uingizwe ndani, maana umande na mvua huacha madoa meusi yasiyotoka.

Kisha kuchana. Kila ujani hupasuliwa kwa ncha ya kisu au sindano kupata chane, na chane zote zinatakiwa ziwe na upana mmoja. Hakuna rula hapo. Msukaji hupima kwa jicho na kwa ukucha wa kidole gumba, na ndiyo maana ukitaka kujua kama mkeka umetoka kwa fundi au kwa mtu aliyekuwa na haraka, huanzi na maua yake. Unaanza na chane. Zikiwa nyembamba na sawa, ujue kila kinachofuata kina uwezekano wa kuwa kizuri. Zikipishana, hakuna rangi itakayouokoa.

Rangi yenyewe huchemshwa. Siku hizi ni rangi za unga za dukani: zambarau, nyekundu, kijani, machungwa. Zamani weusi ulitoka kwenye mizizi ya mdaa. Chane huzamishwa sufuriani, hukaa motoni mpaka zinywe, kisha hutandazwa kivulini. Ninapenda kusema wazi kwamba rangi nyingi zinazochemshwa siku hizi ni kali mno kwa chumba kidogo, lakini nitalirudia hilo.

Sasa kusuka. Chane kavu hukatika, kwa hiyo hunyunyiziwa maji kidogo ili zilegee. Msukaji hupenda saa za asubuhi au usiku, hewa ikiwa na unyevu, naye hukaa barazani miguu ameinyoosha, mara nyingi mazungumzo yakiendelea na macho yakiwa kwa mtu anayezungumza naye. Vidole vinajua njia. Chane zinapishana kwa mshazari: juu ya mbili, chini ya mbili, au juu ya moja chini ya moja, kutegemea na ua analolitaka. Chane ikikaribia kwisha, nyingine hupenyezwa chini yake bila kufungwa fundo, na mkia unaobaki hutokeza upande wa nyuma, wa kukatwa baadaye. Kinachotoka mikononi ni utepe mmoja mrefu, ukili, unaoviringishwa kadiri unavyokua. Ukili hupimwa kwa pima, yaani urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, kiasi cha futi sita.

Hebu tufanye hesabu ya mkeka ule wa futi 4 kwa 6. Ukili ukiwa na upana wa inchi 3, unahitaji vipande 16 kuujaza upana wa futi 4, kila kipande futi 6. Jumla futi 96, pima 16. Akiamua kusuka ukili mwembamba wa inchi 2, ambao hupendeza zaidi, vipande vinakuwa 24 na urefu unafika futi 144, pima 24. Urefu wote huo umepita kwenye vidole chane baada ya chane, katikati ya kupika, kwenda kisimani, kulea na kuuguza. Kazi ya wiki kadhaa, na ikiangukia msimu wa mavuno, zaidi.

Halafu inakuja sehemu ninayoistaajabia kuliko zote, nayo ni kushona. Ukili una nusu tu ya ua. Msukaji ameziweka chane za rangi katikati ya nyeupe kwa namna ambayo, kwenye utepe peke yake, unaona pembe na mistari iliyokatika. Ua zima, liwe ni umbo la almasi au mistari inayopishana, huonekana pale ukili mmoja unapokutana na mwenzake ubavu kwa ubavu. Maana yake, tangu anaanza pima ya kwanza alikuwa akisuka kitu ambacho hakipo mbele yake, na amelazimika kukaza mkono kwa kiasi kilekile kuanzia pima ya kwanza hadi ya mwisho. Akilegeza kidogo tu siku aliyochoka, ukili unarefuka, maua yanasogea, na yakifika kwenye mshono hayakutani. Hakuna mchoro uliobandikwa popote. Hesabu ipo kichwani, na aliyemrithisha hakumpa karatasi.

Mshono wenyewe hupitishwa kwa shazia, ile sindano kubwa, na uzi wa majani yaleyale, ukipita ndani ya kingo mbili ukizibana. Fundi hodari akimaliza, ukipitisha kiganja juu ya mkeka huwezi kusema ukili mmoja umeishia wapi. Mwisho ni pindo la kuzunguka, na kupunguza ile mikia ya nyuma.

Kwa hiyo unapokwenda kununua, Darajani au Kariakoo au kwa mama anayepitisha mikeka begani mtaani kwenu, ugeuze. Mbele kila mkeka unapendeza. Nyuma ndiko kwenye habari: mikia imekatwa karibu au imeachwa kama ndevu? Uinue kwenye mwanga uone kama kuna matundu kwenye mishono. Fuata ua moja kwa macho kutoka pindo hadi pindo. Sugua sehemu yenye rangi kwa kitambaa chenye maji, kwa sababu rangi isiyoiva vizuri itakuhamia kwenye shuka na kwenye magoti ya mtoto.

Nilisema nitarudi kwenye rangi. Chumba chenye dirisha moja kina mwanga wa kuhesabu. Mkeka wenye zambarau na nyekundu tele unaumeza mwanga huo na kukibana chumba. Mkeka mweupe wa ukindu mtupu, au wenye mistari miwili mitatu tu ya rangi, unaurudisha mwanga juu, na saruji ya kijivu inasahaulika. Utandike mistari ikielekea upande mrefu wa ule uwanja wako mdogo. Usiupeleke chini ya kitanda. Huko unaliwa na unyevu na hakuna anayeuona. Na ukitaka ukuta nao upate kitu bila kugombana na mwenye nyumba, kipepeo kimoja cha ukili au kawa yenye rangi zinazofanana na mkeka, ikining'inia kwenye msumari uliokuwepo tangu mpangaji aliyepita, inatosha. Kingine chochote ni vurugu. Wenye hoteli za Unguja walishalijua hili, wanapamba kwa ukili uleule na kumlipisha mgeni.

Mkeka wa plastiki una haki yake pia. Unaoshwa kwa ndoo ya maji, unakauka upesi, na nyumba yenye mtoto anayejifunza kukaa haiwezi kuubeza. Mkeka wa ukindu hautaki maji mengi: ufute kwa kitambaa kibichi, uuanike kwenye jua la asubuhi, uuviringishe wala usiukunje kama nguo, kwa kuwa penye mkunjo ndipo chane zinapokatika. Lakini usiku wa joto la Januari, lala kwenye plastiki kisha ulale kwenye ukindu. Wa kwanza unakubandika mgongo. Wa pili unapitisha hewa.

Linaloniudhi ni bei. Mteja anayelipa bila kunung'unika bei iliyobandikwa kwenye kapeti la kiwandani ndiye huyohuyo atakayemshusha mama wa mikeka mpaka nusu, eti kwa sababu ni majani tu. Majani ni sehemu ndogo ya anachokinunua. Pima 16 za ukili, kuchana, kuchemsha, kushona, na miiba ya mkindu, vyote vimo katika bei ile, na mabinti wengi wa wasukaji wameshapiga hesabu hiyo wakaona hailipi, wakaenda kufanya kazi nyingine. Hatuwezi kuwalaumu.

Basi, mpenzi msomaji, mwisho wa mwezi ukipata chochote cha kupamba chumba chako, anza na mkeka. Mama akikutajia bei, usimjibu kwanza. Ugeuze, hesabu vipande, zidisha kwa urefu wake, kisha ndipo useme unatoa ngapi.