Jina la Kijiji na Jina la Kabila: Maarifa ya Abagusii katika Maandishi ya Wataalamu

Utangulizi

Makala haya yanachunguza namna wataalamu walivyotafuta, walivyotumia na walivyosambaza habari za Abagusii, wenyeji wa nyanda za juu ambazo leo ni Kaunti za Kisii na Nyamira nchini Kenya. Maandishi yanayohusika si riwaya wala tamthilia, bali ni vitabu na ripoti za wanaanthropolojia na wanahistoria. Hata hivyo, maandishi hayo nayo yana msimulizi, wahusika, mandhari na hadhira, na kwa sababu hiyo yanastahili kusomwa kwa zana zile zile za uhakiki. Swali la msingi ni hili: mtu aliyetoa habari anabakia wapi katika matini, na je, matini hiyo inaweza kumrudia? Hoja inayotetewa ni kwamba udhaifu mkubwa wa maandishi hayo hauko katika usahihi wa habari peke yake. Uko katika kukatika kwa njia ya kurudi kwa wenye habari.

Msomaji aliyelengwa

Philip Mayer aliwachunguza Abagusii mwishoni mwa miaka ya 1940 akiwa mwanasosholojia wa serikali ya kikoloni. Kazi zake zilifuatana kwa haraka: The Lineage Principle in Gusii Society (1949), Gusii Bridewealth Law and Custom (1950) na Two Studies in Applied Anthropology in Kenya (1951). Kazi hiyo ya mwisho ina sehemu mbili. Moja inahusu ushirikiano wa majirani katika kilimo, na nyingine inahusu jitihada za kuwekea mahari kikomo. Uteuzi wa mada hizo unamdhihirisha msomaji aliyelengwa. Ni ofisa anayetaka kujua desturi ipi itamsaidia katika utawala na ipi itamkwamisha.

Katika kilimo cha Abagusii kulikuwa na egesangio, yaani kundi la majirani wanaolima shamba la mmoja leo na la mwingine kesho. Aliyepokea jasho la wenzake alikuwa na deni la kulipa kwa jasho lake. Ripoti inayoeleza ushirikiano wa namna hiyo ilichapishwa London, kwa Kiingereza. Hivyo basi, desturi ya zamu iliyoelezwa ndani ya maandishi haikutawala safari ya maandishi yenyewe. Methali ya Kiswahili husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mgeni alikuja na akapokewa. Kupona kwa mwenyeji ndiko kunakohojiwa.

Jina linalofichwa na jina linalotajwa

Mfano ulio tajiri zaidi ni kitabu cha Robert LeVine na Barbara LeVine, Nyansongo: A Gusii Community in Kenya (1966), kilichotokana na utafiti wa miaka ya 1955 hadi 1957. Nyansongo ni jina la kubuni. Msomaji anayeifahamu Nyamira atakumbuka mji wa Nyansiongo ulioko Borabu, lakini mshabaha wa majina si ushahidi wa mahali. Waandishi walilificha jina halisi ili kuwalinda watu waliowafungulia milango ya nyumba zao, nao ni mwenendo wa heshima katika taaluma yao.

Pamoja na hayo, anwani ya kitabu yafaa kusomwa kwa makini. Sehemu yake ya kwanza inaficha na sehemu ya pili inafichua. Kijiji kimepewa jina bandia, lakini kabila limetajwa kwa jina lake halisi. Mtu mmoja mmoja hawezi kutambuliwa, ilhali jamii nzima inabeba kila sifa aliyopewa. Jambo hili linajitokeza kwa uzito zaidi katika makala ya Robert LeVine, "Gusii Sex Offenses" (1959), ambamo makosa ya watu fulani, katika miaka fulani, yamebandikwa jina la kabila tangu kwenye anwani. Makala hayo yamenukuliwa mara nyingi katika mijadala ya kimataifa juu ya ubakaji. Kila yanaponukuliwa, jina la Abagusii husafiri nayo, hata pale ambapo miaka na mazingira ya utafiti hayasafiri.

Inaweza kupingwa kwamba utaratibu huu haukuwalenga Waafrika peke yao. Pingamizi hilo lina nguvu. Nyansongo ilikuwa jamii mojawapo kati ya sita zilizochunguzwa chini ya mradi mmoja, na jamii ya Marekani katika mradi huo nayo ilipewa jina la kubuni, Orchard Town. Tofauti iko kwenye lugha. Wakazi wa Orchard Town waliandikwa kwa lugha waliyoizungumza majumbani mwao. Aliyetaka kukisoma kitabu na kukibishia hakuhitaji mkalimani. Mama wa Kigusii aliyeeleza jinsi anavyomlea mtoto wake alihitaji lugha nyingine ili ajue kilichosemwa juu yake. Kwa hiyo jina bandia lile lile lilikuwa ngao kwa jamii moja na ngao yenye kufuli kwa jamii nyingine.

Desturi ya wanahistoria ni tofauti. William R. Ochieng', mzaliwa wa Yimbo, alipoandika A Pre-Colonial History of the Gusii of Western Kenya (1974), aliyategemea masimulizi ya wazee. Katika historia simulizi, shahidi asiye na jina ana thamani ndogo, kwani uzito wa kauli unategemea ukoo wake, umri wake na yule aliyemsimulia. Desturi hii inakaribiana na ile ya tenzi za pwani, ambamo mtunzi aghalabu hujitaja katika beti za mwisho ili msomaji ajue kauli imetoka kwa nani. Umuhimu wake unaonekana katika tukio la Januari 1908, ofisa wa kikoloni G. A. S. Northcote alipochomwa mkuki. Kumbukumbu za ofisi humweka ofisa katikati ya kisa. Masimulizi ya Abagusii humweka Otenyo aliyerusha mkuki, pamoja na Moraa, mwanamke aliyemchochea kupigana. Bila majina hayo mawili, kisa kingebaki taarifa ya fujo zilizotulizwa.

Chinsoni na mipaka ya kuuliza

Isidhaniwe kuwa mtafiti mwenyeji anaepuka matatizo haya kwa kuzaliwa tu. Abagusii wana chinsoni, yaani kanuni za haya na staha zinazotawala uhusiano wa vizazi vinavyofuatana. Baba na mwana hawazungumzii mambo ya unyumba, lakini babu na mjukuu huweza hata kutaniana. Kanuni hizo ni utaratibu kamili wa kugawa maarifa, kwa kuwa zinaamua nani amwulize nani, na juu ya jambo gani.

Mgeni alisimama nje ya utaratibu huo. Aliweza kuuliza ambacho mtoto wa nyumbani hakuweza. Hata hivyo, kitabu kikishachapishwa hakijui chinsoni. Neno alilonong'onezwa mgeni faraghani linaweza kusomwa na mwana wa aliyelisema. Kwa upande mwingine, mwanafunzi wa uzamili aliyezaliwa Kisii au Nyamira, akiwa na hojaji mkononi mbele ya mama yake mkubwa, hawezi kulichukulia jibu fupi kuwa ukosefu wa maarifa. Huenda swali limeelekezwa kwa kizazi kisichostahili kulijibu. Kimya hicho ni sehemu ya data na kinafaa kuandikwa hivyo.

Deni la mtafiti wa leo

Yaliyosemwa juu ya wageni yanawahusu pia wasomi wa nchini. Mtafiti nchini Kenya hupata leseni kutoka kwa Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi, kisha hujitambulisha kwa maofisa wa kaunti kabla ya kuanza kazi. Baadaye hutakiwa kuiwasilishia Tume nakala ya ripoti yake. Barua hushuka hadi kaunti; ripoti hupanda hadi Nairobi. Mzee aliyehojiwa hana nafasi katika mzunguko huo, na katika tasnifu nyingi anatokea kama nambari tu.

Chuo Kikuu cha Kisii, kilichopata hati yake mwaka 2013, kimeyasogeza masomo ya juu karibu na wenye habari. Ukaribu huo hautoshi iwapo mwanafunzi anayeandika juu ya malezi ataanza na kuishia Nyansongo, akiyafanya ya mwaka 1956 kuwa mila ya daima, bila ya kuwauliza waliolelewa wakati ule. Miongoni mwao wako walio hai. Wanaweza kusomewa sura za kitabu kwa Ekegusii au kwa Kiswahili, wakakubali, wakasahihisha au wakakataa. Majibu yao yangekuwa uhakiki wa kwanza wa kitabu hicho kutoka kwa wahusika wake.

Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba kuficha jina la kijiji na kulitaja la kabila si uamuzi wa kimaadili pekee. Ni mbinu ya usimulizi yenye athari kwa anayesimuliwa. Haipendekezwi kwamba majina yaliyofichwa yafichuliwe. Ahadi iliyotolewa ni ahadi. Kinachopendekezwa ni mambo matatu. Kwanza, matokeo yapewe mipaka ya mahali na miaka yake badala ya kubandikwa kabila zima. Pili, mtoa habari aulizwe iwapo anataka jina lake litajwe au lifichwe, kwani wapo wanaoliona jina lao kuwa malipo yao. Tatu, kila tasnifu iwe na muhtasari kwa lugha ya waliohojiwa, usomwe mbele yao kabla ya kutetewa, na masahihisho yao yaingizwe katika maandishi. Idara za Kiswahili, zenye ujuzi wa tafsiri na wa fasihi simulizi, ndizo zenye nafasi nzuri ya kuianza kazi hiyo, na tasnifu zinazoandaliwa sasa ndizo za kuanzia.