Kilo Ishirini

Mtu wa Dar anayejiandaa kupanda Kilimanjaro huanzia Kariakoo: viatu vya mtumba, koti la mvua, soksi nzito. Fundi aliyenishonea viatu vyangu alipitisha kidole gumba ukingoni mwa soli, akaona imeanza kuachia, akapaka gundi, kisha akaizungushia uzi kwa mkono.

Kariakoo yenyewe ni jina la wapagazi. Limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wabeba mizigo wa jeshi la Waingereza, waliopiga kambi hapa baada ya mji kutekwa mwaka 1916. Maelfu walikufa vitani kwa maradhi na njaa.

Mlimani, mpaka leo, safari ya siku sita au saba hubebwa na wapagazi. Getini mizigo hupimwa. Kikomo ni kilo 20 kwa mtu: mahema, mitungi ya gesi, unga, mayai, hata viti. Asubuhi wanabaki nyuma kung'oa mahema na kuosha sufuria, kisha wanatupita njiani. Tukifika, mahema yamesimama na chai inachemka. Kambi ya Barafu haina maji. Wanayachota bonde la Karanga na kuyapandisha huko juu, saa kadhaa za kupanda mawe, na mimi nikanawa uso bila kuuliza yametoka wapi.

Wewe unayepanga safari, kabla hujalipa, uliza mpagazi wako atalipwa shilingi ngapi kwa siku, atakula mara ngapi na atalala wapi.