Sifa ya Kiungo Kisichogeuka

Miongoni mwa kazi za ufundi ambazo watu wazima huzipuuza kwa sababu tu mazao yake hufanana na vitu vya watoto, uundaji wa visanamu vya dinosaria vyenye viungo ni mojawapo ya zile zilizodhulumiwa zaidi. Kisanamu cha aina hii si mdoli, wala si sanamu ya makumbusho iliyopunguzwa ukubwa; ni umbo la plastiki la mnyama aliyetoweka, lililokatwa mahali pa maungio ya mifupa yake na kuunganishwa tena kwa vipande vinavyozunguka, ili mwenye nacho aweze kukisimamisha, kukiinamisha, kukifumbua mdomo na kukikunja mikono. Wanunuzi wake wakubwa ni wakusanyaji, yaani watu wazima wanaovitafuta visanamu hivi kimoja kimoja, wakavipanga rafuni na kuvijadili kwa ukali usiopungua ule wa wanazuoni. Nao hudai jambo ambalo mtoto hadai: kila sehemu ikubaliane na visukuku, ambavyo ni mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe ardhini.

Ugumu wa dai hilo huonekana pale kazi hii inapolinganishwa na sanaa nyingine zinazomhusu mnyama yuleyule. Mchoraji humchora dinosaria akiwa nyuma ya kichaka, na kichaka hicho kikamsitiri mchoraji mwenyewe pale asipojua miguu ilikaaje. Mchongaji wa sanamu isiyojongea huchagua mkao mmoja, na akiwa na busara huchagua ule ambao mifupa inauthibitisha kuliko mingine. Fundi wa viungo hana pa kujificha, kwa kuwa kila kiungo anachokiweka ni tamko kwamba mnyama aliweza kusogea hivi, na kila mahali anapokizuia kiungo ni tamko jingine kwamba mwendo huo haukuwezekana. Hapo ndipo ilipo heshima ya ufundi huu, na ndipo pasipotazamwa na wengi: mnunuzi huhesabu viungo vinavyogeuka na kumsifu fundi kwa wingi wake, ilhali elimu iliyo nyingi zaidi imo katika vile ambavyo fundi amekataa kuvigeuza.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni kifundo cha mkono cha Velociraptor. Mnyama huyu aliishi miaka milioni 75 hivi iliyopita. Mabaki yake ya kwanza yalichimbwa mwaka 1923 katika jangwa la Gobi, nchini Mongolia, na msafara wa makumbusho ya historia ya viumbe ya New York, na mwaka uliofuata Henry Fairfield Osborn akampa jina. Alikuwa na urefu wa takriban mita 2 kutoka puani hadi ncha ya mkia, lakini sehemu kubwa ya urefu huo ilikuwa mkia, hata mwili wake haukumzidi sana bata mzinga. Filamu ya Jurassic Park ya mwaka 1993 ilimpa kimo cha mtu mzima, ikamvua manyoya, na ikamfanya atembee viganja vimeelekea chini kama vya mtu anayepiga kinanda. Kosa la kimo na kosa la manyoya husemwa kila siku. La viganja husemwa kwa nadra, nalo ndilo linalomhusu fundi wa viungo kuliko yote mawili.

Mifupa ya kigasha cha Velociraptor na jamaa zake walao nyama haikuweza kupishana namna inavyopishana mifupa ya mwanadamu anapogeuza kiganja, na kwa hiyo viganja vyao vilitazamana daima, kimoja kikielekea kingine. Katika kifundo palikuwa na mfupa mdogo wenye umbo la hilali, ambao uliuwezesha mkono kukunjika kwa upande, kuelekea kigasha, na mwendo huohuo ungalipo kwa ndege wa leo. Aliyewahi kunyonyoa kuku na kukata bawa lake kwenye maungio ameushika mwendo huo kwa vidole vyake: ncha ya bawa hujikunja kwa upande na kurudi, lakini haigeuki kutazama chini bila kuvunjika. Basi fundi mwaminifu huweka kifundoni kiungo cha bawaba, yaani chenye kufunguka na kufungika kwenye mstari mmoja, na huacha kuweka kiungo cha tufe na kikombe, ambacho kingezunguka kila upande na kumpendeza mnunuzi zaidi. Kiungo cha tufe hata si kigumu kukitengeneza kuliko bawaba; kinachokizuia ni mfupa wa hilali.

Mwaka 2007 watafiti watatu, Alan Turner, Peter Makovicky na Mark Norell, walieleza vinundu 6 kwenye mfupa wa kigasha cha Velociraptor, vinundu vya aina ambayo kwa ndege wengi wa sasa hushikilia mizizi ya manyoya makubwa ya bawa. Kwa wanasayansi hilo lilimaliza ubishi; kwa mafundi lilifungua taabu. Mkono wenye manyoya marefu haukatwi kama mkono mtupu, kwa sababu mkato wa kiungo ukipita katikati ya unyoya huonekana kama jeraha, na manyoya yakiachwa mazima huzuia mkono kukunjika. Suluhisho linalopendeza kuliko mengine ni kuyachonga manyoya kwa tabaka, tabaka la bega likilifunika la kigasha kama mapaa ya makuti yanavyofunikana, ili mkato upite chini ya ukingo wa tabaka la juu na jicho lisiuone hata mkono unapotanuliwa.

Katika uwanja huu jina la David Silva, mchongaji wa Marekani, haliwezi kurukwa. Mwaka 2016 alichangisha fedha kutoka kwa wanunuzi wenyewe kupitia Kickstarter, ili aanzishe mfululizo alioupa jina la Beasts of the Mesozoic, na akauanza kwa jamaa za Velociraptor kwa uwiano wa 1:6, maana yake kila sentimita moja ya kisanamu husimama badala ya sentimita sita za mnyama. Kwa hesabu hiyo Velociraptor wa mita 2 hupata sentimita 33 hivi, ukubwa unaotosha kwa unyoya mmoja mmoja kuchongwa na kidole kimoja kimoja kupewa kiungo chake. Baadaye zilifuata jamaa za Triceratops, wanyama wenye pembe na ngao ya mfupa shingoni, kwa uwiano wa 1:18, kwa kuwa Triceratops wa mita 8 kwa uwiano wa kwanza angezidi mita moja na kumfukuza mkusanyaji sebuleni mwake.

Njia ya kutoka wazo hadi sanduku ni ndefu, na sehemu yake kubwa haina uzuri wowote wa kusimuliwa. Fundi huanza na mchoro wa kiunzi cha mifupa, akaufunika kwa misuli na ngozi, akachonga kwa udongo maalumu au kwa programu ya kompyuta, akakata viungo, akatoa kielelezo cha kwanza, akakituma kiwandani. Huko hutengenezwa kalibu za feleji, ambamo plastiki iliyoyeyushwa husukumwa kwa nguvu na kuganda. Kalibu ndizo zinazokula fedha, maelfu mengi ya dola kabla ya kisanamu kimoja kuuzwa, na ndiyo maana mwili mmoja hutumiwa kwa spishi kadhaa zilizo jamaa, kila moja ikipewa kichwa chake na rangi zake. Wako wanaouona huo kuwa udanganyifu. Hukumu hiyo ni kali kupita kiasi, kwani Atrociraptor, kwa mfano, alipopewa jina mwaka 2004 alijulikana kwa vipande vya taya na meno tu, na yeyote atakayemchonga mzimamzima hana budi kuazima mwili wa jamaa yake. La muhimu ni aazime kwa jamaa wa kweli.

Kuhusu rangi, sayansi imesema machache lakini imeyasema kwa uhakika wa kushangaza. Katika manyoya yaliyohifadhiwa vizuri hupatikana melanosomu, vifuko vidogo mno vilivyokuwa vikibeba rangi mwilini, na umbo lake hutofautiana kulingana na rangi yenyewe. Kwa kuvichunguza vifuko hivyo, watafiti walitangaza mwaka 2010 kwamba mkia wa Sinosauropteryx, dinosaria mdogo wa Liaoning nchini China, ulikuwa na mapingili ya hudhurungi-nyekundu na meupe. Kwa walio wengi, Velociraptor akiwemo, ushahidi wa namna hiyo haupo, na hapo fundi huazima mavazi ya ndege wanaoishi: mgongo wa mwewe, kichwa cha tai, mabaka ya bundi. Uazimaji huo si ubunifu holela, kwa sababu rangi za ndege wawindaji zina mantiki ya kujificha na ya kutambuana. Fundi anayempaka mwindaji zambarau na kijani cha kung’aa ili tu asionekane sawa na wa jirani yake huwa ameondoka kwenye elimu, ingawa hakuna kisukuku kitakachomshitaki.

Mambo mawili ya chini ya kiuno yanastahili kutazamwa kwa karibu. La kwanza ni mguu: kidole cha pili cha Velociraptor na jamaa zake kilibeba ukucha mkubwa uliopinda kama mundu, na nyayo zilizogeuka mawe huonyesha kwamba kiliinuliwa wakati wa kutembea, hata mnyama akasimama juu ya vidole viwili tu kila upande. Kisanamu chenye kusimama juu ya vidole viwili, tena chenye viungo, huanguka kwa urahisi, hasa kwa kuwa PVC, plastiki laini inayofaa kwa ngozi na manyoya, hulegea kwenye joto, na mguu uliosimama wima kiwandani hufika kwa mnunuzi umeegemea upande. Wakusanyaji hulijua tatizo hili na dawa yake: mguu hutumbukizwa katika maji ya moto hadi ulainike, ukanyooshwa, kisha ukatiwa katika maji baridi ukiwa umeshikiliwa. Mafundi wengine hutumia plastiki ngumu ya ABS ndani ya viungo, na hutia meno madogo kwenye bawaba za paja ili kiungo kishike kwa mlio kila hatua. Wengine huweka kigingi kiangavu cha kuegemea, na hiyo si aibu.

La pili ni mkia. John Ostrom alipomweleza Deinonychus, jamaa wa Velociraptor, mwaka 1969, kutokana na mabaki ya Montana, alionyesha kwamba pingili za mkia wake zilishikwa na fito nyembamba za mfupa zilizolala sambamba, fito moja ikivuka pingili kadhaa, hata mkia ukawa mkakamavu kwa sehemu kubwa ya urefu wake na kusogea hasa pale unapoanzia. Baadaye kisukuku cha Velociraptor wa Mongolia kilipatikana mkia wake umepinda taratibu kwa upande, ishara kwamba ukakamavu huo haukuwa wa chuma. Kwa fundi, ushahidi huu wa pande mbili hutoa jibu moja la wastani: kiungo chenye uhuru shinani, na baada ya hapo unyumbufu mdogo wa upande. Waya wa kupinda ndani ya mkia, ambao ni rahisi na hupendwa, humpa mnyama mkia wa paka.

Hasara ya kazi hii ni kwamba elimu haisubiri kalibu. Mwaka 1854 Benjamin Waterhouse Hawkins, kwa ushauri wa Richard Owen, alizisimamisha sanamu zake za dinosaria Iguanodon katika bustani ya Crystal Palace, London, zikiwa na kipembe juu ya pua. Mifupa iliyofukuliwa Bernissart, Ubelgiji, kuanzia mwaka 1878 ikaonyesha kwamba kipembe kile kilikuwa mfupa wa kidole gumba. Hali haijabadilika. Visanamu vya Spinosaurus vilivyochongwa kwa miguu mirefu vilipitwa mwaka 2014, yalipochapishwa mabaki ya miguu mifupi, na vilivyorekebishwa miguu vikapitwa tena mwaka 2020, mkia wenye umbo la kasia ulipoelezwa. Kalibu ya feleji hairekebishwi kwa nyundo, na fundi anayelijua hilo na bado akaagiza kalibu ana ujasiri ambao mwandishi wa makala, awezaye kuchapisha masahihisho mwezi ujao, hahitaji kuwa nao.

Kwa Afrika Mashariki suala hili la viungo lina mlango wake wa kweli, nao uko Tendaguru, kilima cha mkoa wa Lindi ambako msafara wa Kijerumani ulichimba kati ya mwaka 1909 na 1913, na mamia ya wafanyakazi wenyeji wakafukua na kubeba mabaki yaliyopelekwa Berlin. Mjusi mkubwa wa Tendaguru, Giraffatitan, ndiye anayejulikana na wote, lakini anayemfaa fundi wa viungo ni jirani yake mdogo, Kentrosaurus, mla majani mwenye mabamba mgongoni na miiba mirefu kuelekea mkiani, aliyepewa jina na Edwin Hennig mwaka 1915. Mwiba wake mmoja wa ubavuni uliwahi kuwekwa nyongani, na sasa wataalamu wengi huuweka begani. Heinrich Mallison alichukua umbo la mifupa yake kwa kompyuta, na katika machapisho ya mwaka 2010 na 2011 akapima kila kiungo kilifika wapi: mkia wenye pingili zipatazo 40 uliweza kufagia nusu duara nyuma ya mnyama, na miguu ya mbele, iliyosimama wima alipotembea, iliweza kutanuliwa alipojihami.

Vipimo hivyo humtaka fundi afanye kinyume cha yote aliyoyafanya kwa Velociraptor. Bega la Kentrosaurus lataka tufe na kikombe ili mguu utanuke, na mkia wake wataka vipande vingi vifupi, kila kimoja kikisogea kidogo tu, ili jumla ya miendo midogo ifikie upande bila pingili yoyote kupinda kuliko mfupa wake ulivyoruhusu. Vipande vingi ni kalibu nyingi, na kalibu nyingi ni bei kubwa. Kwa hiyo wengi wanaomtengeneza mnyama huyu huishia kumpa mkia mzima wa plastiki laini, uliopinda mara moja kiwandani na kubaki hivyo.