Nani Alimtwanga Nani?

Kijiweni kwetu ubishi wa Ali na Tyson hauishi, kila jamaa ana mshindi wake mfukoni. Mimi umenichosha tangu nilipoiona ile filamu ya 1970 iliyowakutanisha Ali na Rocky Marciano. Marciano alistaafu 1956, mapambano 49, hajapoteza hata moja. Ali alinyang'anywa ubingwa 1967 kwa kukataa jeshi. Mwaka 1969 wakaingizwa ulingoni kuigiza, Marciano kavaa nywele za bandia (upara bwana!), wakapigwa picha za miisho kadhaa bila kuambiwa upi utatumika. Kompyuta ikaamua: Marciano, KO, raundi ya 13.

Hapo ndipo ninapogomba. Marciano alikuwa akipanda ulingoni na kilo 84 hivi. Ali wa 1967 alipita 95, mrefu, na miguu ile haikai mahali pamoja! Rocky angemfikia vipi? Filamu haituonyeshi, inatuonyesha tu kwamba alimfikia. Ngumi inatua kwa sababu mashine imesema itue. Hao si mabondia tena, ni vikaragosi. Nasema kwa uchungu maana mswada wangu mwenyewe una miisho mitatu, na mhusika wangu anakubali yote bila kubisha.

Kuna jambo moja lakini. Agosti 31, 1969, Marciano alikufa kwa ajali ya ndege, filamu haijatoka. Hakujua kuwa ameshinda. Hadithi niliyoitaka mimi ni hiyo, na humo ndani haimo.